Msiangalie marumaru, angalieni visigino

MHARIRI,

Tunaomba nafasi tuzungumze na familia zinazotafuta mahali pa kumweka mzazi anayehitaji uangalizi usiku na mchana. Hapa Mwanza jambo hili bado linasemwa kwa kunong'ona, kana kwamba kumpeleka mama kituoni ni kumtupa. Kwa aibu hiyo watu huenda mara moja, tena haraka haraka, wakaona geti jipya na marumaru zinazong'aa, wakalipa. Marumaru hazimgeuzi mgonjwa. Zikilowa, ndizo zinazomvunja nyonga.

Kituo cha Bukumbi, wilayani Misungwi, ni cha serikali, kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, na njia ya kuingia ni kupitia Ustawi wa Jamii. Mzee mwenye watoto wanaojiweza atatafutiwa kituo cha kulipia, au ataajiriwa dada wa kumhudumia nyumbani. Vipimo ni vilevile huku na huku.

Cha kwanza ni ngozi. Huwezi kumvua nguo mzee wa watu, lakini visigino vya wazee walioketi barazani vinaonekana. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Aliyekaa kwenye kiti mwendo asaidiwe kubadili mkao mapema zaidi. Ngozi ikibanwa kati ya mfupa na godoro damu haipiti, nyama inaanza kufa kutoka ndani, na siku kidonda kinapoonekana juu, chini kimeshachimba. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri. Tafuta sehemu iliyokoza rangi kuliko jirani yake, kisha iguse kwa mgongo wa vidole: ikiwa na joto, imekuwa ngumu au teketeke, hapo pameanza kuharibika. Usipasugue, na usimkalishe mzee kwenye mto wa duara wenye tundu, kwa sababu ukingo wake unabana damu pande zote. Kwa visigino, weka mto chini ya vigimbi ili visiguse godoro kabisa.

Omba kuona karatasi ya kugeuza wagonjwa. Ikiwa wiki nzima imejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, imejazwa kwa mkupuo.

Halafu uliza jambo ambalo wengi hawaulizi: saa 8 usiku wahudumu wangapi wako macho? Piga hesabu mwenyewe. Wazee 12 wa kulala kitandani, kila mmoja dakika 10 za kumgeuza na kumbadilisha pampasi, wahudumu wawili wakishirikiana: hizo ni dakika 120. Wakimaliza wa mwisho, wa kwanza amefikiwa tena. Akitokea mmoja mwenye homa, mzunguko mzima umevunjika. Kituo kinachosema usiku yupo "mlinzi na dada mmoja" kwa wazee wengi namna hiyo hakiwageuzi, hata wangekuwa na moyo mzuri kiasi gani.

Nenda zaidi ya mara moja, na safari moja iwe ya ghafla wakati wa chakula cha mchana. Aliyepata kiharusi alishwe ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kwa kijiko kidogo, na tonge la pili lisubiri la kwanza limezwe. Baada ya kula abaki wima dakika 30. Sato achambuliwe miiba kwa vidole, maana macho hayaoni yote, na dagaa wakavu wasipewe mtu mwenye shida ya kumeza. Kukohoa wakati wa kula, au sauti yenye majimaji baada ya kunywa, ni dalili kwamba chakula kinaelekea mapafuni, na nimonia huwa haiko mbali. Angalia pia kama kikombe cha maji kiko mkono unapofika; mzee hasikii kiu kama kijana. Uliza kama wanapima uzito kila mwezi. Mtu wa kilo 50 akipungua kilo 2.5 ndani ya mwezi mmoja anahitaji daktari.

Kwenye jengo tusikawie. Mwanza ni vilima na mawe, hivyo pima njia ya kiti mwendo: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Choo kiwe cha kukaa, chenye vyuma vya kushikia. Simtanki liwe na maji siku bomba limekauka. Kila kitanda kiwe na chandarua.

Sasa jambo zito zaidi kwa Kanda ya Ziwa. Mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla, akaanza kuongea peke yake usiku au kumtuhumu mhudumu. Mara nyingi huo ni ugonjwa: maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, upungufu wa maji, sukari kushuka. Waulize wahudumu wanafanya nini hali hiyo ikitokea. Jibu sahihi ni kupima joto, sukari, malaria na mkojo siku hiyohiyo. Ukisikia neno "uchawi", hata kwa utani, ondoka. Wanawake wazee wameuawa katika kanda hii kwa neno hilo. Kumwombea mzee ni vizuri, vipimo vikiwa vimefanyika. Na ugonjwa wa kusahau ukizidi, mzee anaweza kupoteza Kiswahili akabaki na Kisukuma au Kikerewe. Awepo zamu mtu wa kumwelewa anaposema anaumwa wapi.

Kuhusu karatasi, muuguzi awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mkataba utaje kama pampasi, dawa na gari la hospitali vimo ndani ya ada. Kadi ya benki ya pensheni isiachwe kituoni. Kituo kinachowawekea ndugu saa finyu za kutembelea kieleze sababu, na sababu hiyo iingie akilini.

Tunaziomba halmashauri za mkoa wetu, kuanzia Jiji la Mwanza na Ilemela hadi Ukerewe, zibandike kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata majina ya vituo vilivyokaguliwa na Afisa Ustawi wa Jamii, tarehe ya ukaguzi, na idadi ya wahudumu wa usiku iliyokutwa siku hiyo.

Wauguzi wawili wa wazee,
Nyamagana, Mwanza