Friji la Mombasa na mahakama ya Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mwaka jana nilinunua friji la nyumbani kutoka duka moja la Mombasa, ambalo tangazo lake mtandaoni lilionyesha bei kwa shilingi za Tanzania na namba ya simu iliyoanza na +254, kana kwamba sisi wa huku ndio tuliokusudiwa. Friji lilivuka mpaka wa Horohoro salama, likagandisha kwa siku tisa, likanyamaza. Muuzaji naye akanyamaza. Wakili niliyemwendea alinishauri nisamehe, kwa kuwa nauli na gharama za kufungua shauri Mombasa zingepita bei ya friji lenyewe.

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2012 kuhusu mamlaka ya mahakama, inayotumika tangu Januari 2015, inampa mlaji hiari ya kumshtaki muuzaji wa nchi nyingine mwanachama katika mahakama ya mahali anapoishi yeye mlaji, ilimradi muuzaji huyo alielekeza biashara yake kwenye nchi ya mlaji. Tovuti kuonekana tu hakutoshi. Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilikwisha kueleza mwaka 2010 kwamba hutazamwa dalili kama vile sarafu isiyo ya nchi ya muuzaji, au namba ya simu yenye msimbo wa kimataifa, na ndiyo maana nimelieleza tangazo lile kwa kirefu. (Ningelinunua friji kwa biashara ya samaki, nisingehesabiwa mlaji.) Hukumu ikitoka, hutekelezwa kwa muuzaji bila kuombewa kwanza kibali cha mahakama za huko. Tena kwa madai yasiyozidi yuro 5,000 upo utaratibu wa fomu, unaoendeshwa zaidi kwa maandishi na usiomlazimisha mtu kuweka wakili. Denmark pekee haimo katika utaratibu huo wa fomu.

Sisi tuna soko la pamoja tangu Julai 2010, lakini Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha kazi yake hasa ni kuutafsiri Mkataba wa Jumuiya, si kusikiliza habari za friji. Nawaomba wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki waandae muswada, waanzie hapo pa mlaji kushtaki kwao, maana fomu rahisi inayopelekwa Mombasa hainisaidii mimi niliyeko Tanga. Kiwango cha madai kinaweza kuwa kidogo kuliko cha Ulaya. Friji langu lilikuwa la shilingi laki saba.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga