Barua kwa shoga yangu kuhusu mafuta ya mwarubaini

Wete, Pemba

Shoga yangu Mama Salma,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anauliza kama mdogo ameshaanza kukaa mwenyewe.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Kichwa kinakuwasha na kutoa unga, nywele zinadondoka tele, na Salma ana mabaka kichwani. Nikaona haya hayajibiki kwa mstari mmoja wa simu. Umeniomba nikutumie chupa ya mafuta ya mwarubaini kwa boti huko Unguja, na nitakutumia. Ila soma barua hii kabla hujafungua kifuniko, maana hayo unayoyaona si ugonjwa mmoja, na mafuta haya yanakufaa kwa moja tu.

Nianze na lile ulilolitaja mwisho ukalipita haraka, kwa sababu ndilo lililonishtua. Umesema mavyaa wako anataka mdogo alambishwe mafuta hayo kidogo kwa ajili ya kifua na mchango. Nakuomba kwa jina la Mungu, usikubali. Si kijiko, si tone, si ncha ya kidole. Mafuta ya mbegu za mwarubaini ni sumu kwa mtoto mchanga. Huko Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari waliandika habari za watoto waliopewa mafuta haya na wazee wao kwa nia njema kabisa, kwa mafua na kikohozi. Walifikishwa hospitali wakitapika, wakisinzia usingizi usio wa kawaida, wakipumua mbio, wengine na degedege, na wapo waliokufa. Mwambie mavyaa taratibu na kwa heshima zake zote, lakini mwambie leo. Na chupa nitakayokutumia iweke juu ya kabati, mbali na zile za mafuta ya kupikia.

Sasa kichwa chako. Ulivyonieleza, ule unga mweupe wenye mafutamafuta unaoganda kwenye mizizi ya nywele na nyuma ya masikio, huo ni mba. Watu wengi huku hudhani mba ni ukavu, basi kila asubuhi wanajipaka mafuta ya nazi mpaka yanachirizika kwenye kipaji, na mba unazidi. Sababu yake ni hii: kwenye ngozi ya kichwa cha kila mtu wanaishi fangasi wadogo sana wanaoitwa Malassezia, na chakula chao ni mafuta ya ngozi. Wakizidi, ngozi inakereka, inawasha na kubanduka. Ukiwalaza siku tatu ndani ya mafuta umewaandalia karamu. Joto letu, jasho, na ushungi unaofungwa juu ya nywele mbichi huwasaidia zaidi. Nakujua, shoga yangu: unaoga alfajiri, unafunga ushungi nywele zikiwa bado zinadondosha maji, unakwenda kazini, na hazipati upepo mpaka magharibi. Wakati wa masika ndiyo kabisa hazikauki. Hilo nalo lazima uliache, na pengine litakusaidia kuliko chupa yoyote.

Mwarubaini unaingia hapa kwa sababu mafuta yake yana nguvu ya kuzuia fangasi na kutuliza ngozi iliyowaka. Wazee wa Bara Hindi, ulikotoka mti huu, wamelijua hilo tangu zamani sana. Kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi peke yao, ya kutumia mafuta ya mwarubaini dhidi ya fangasi wa mimea, kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Wahindi, akiwamo mwanaharakati wa mazingira Vandana Shiva, walisimama wakapinga, wakaonyesha kwamba wakulima wao walikuwa wakiyatumia kitambo. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Kila nikishika chupa ya mafuta haya nakumbuka kwamba elimu ya wazee iliwahi kusimama mbele ya wanasheria wa Ulaya ikashinda.

Lakini chupa yenyewe uijue. Ninayokutumia imekamuliwa na mama mmoja jirani yetu ambaye kazi yake naiona kwa macho yangu. Matunda yakishaiva yakawa ya manjano huyaokota, huyafikicha ndani ya maji nyama itoke, kisha kokwa huzianika kivulini, maana jua kali huziharibu. Zikikauka anazigonga ganda lipasuke, anazipeta kwenye ungo, halafu viini anavitwanga kinuni mpaka vishikane. Hapo ndipo anapotia maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, huku anakanda. Mwanzo huoni kitu, ni donge la udongo tu. Anaendelea kukanda, donge linaanza kung'aa, na akilibana kiganjani mafuta yanatoka katikati ya vidole, rangi ya kahawia inayoelekea manjano. Kokwa yoyote iliyopata unyevu ikaota ukungu huitupa, na kwa hilo namuamini kuliko wengine, kwa sababu ukungu wa kwenye mbegu unaweza kuacha sumu ndani ya mafuta.

Harufu yake ni kali, nakwambia mapema usije ukadhani yameoza. Yananuka kitunguu thomu na njugu zilizoungua. Ukikuta sokoni Darajani chupa ya mafuta ya kijani yenye harufu ya majani, hayo ni mafuta ya nazi yaliyorowekwa majani ya mwarubaini. Si ya uongo, ila ni mepesi, na si kitu kimoja na ya mbegu. Na yale yanayouzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa kupulizia mboga usiyaguse kabisa. Yametiwa dawa za kuyafanya yachanganyike na maji, na hayakutengenezwa kwa ngozi ya mtu.

Usiyapake matupu. Pima kijiko kimoja cha chai cha mwarubaini kwa vijiko kumi vya mafuta ya nazi safi, tikisa. Kabla hujapeleka kichwani paka tone moja upande wa ndani wa kiwiko, usioshe, ungoje mpaka kesho yake saa kama hizo. Pakiwa pekundu au pakiwasha, basi hayakupendi, mpe mwengine chupa au uitupe. Pakiwa salama, gawa nywele mistari kama unayetaka kusuka, chovya pamba, upake ngozi ya kichwa kwenye ile mistari. Nywele zenyewe hazihitaji mwarubaini, zipe mafuta ya nazi tu kabla ya kuosha. Nazi ina sifa yake ya kweli: huingia ndani ya unywele na kupunguza ule udhaifu unaoletwa na kuosha.

Kaa nayo nusu saa, ikizidi saa moja. Najua utasikia wanaosema ulale nayo, na miye nakukataza, kwa ajili ya wale fangasi niliokwambia, na kwa ajili ya mdogo. Mtoto wa umri wake kila anachokishika anakitia mdomoni, na kitu cha kwanza anachokishika ni nywele za mama yake. Basi paka wakati amelala au yuko kwa shangazi yake, na usimnyonyeshe mpaka umeshaosha kichwa na mikono. Osha kwa shampuu mara mbili, ya kwanza haitoshi kuyatoa. Yasiingie machoni. Kisha zikaushe nywele zote, mpaka mizizi, ndipo ufunge ushungi. Mara mbili kwa wiki inatosha.

Ukitaka kuondoa harufu, usitie mafuta ya karafuu ndani ya chupa. Haya yetu ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayotoka kiwandani Wawi ni makali, yanachoma ngozi iliyokwisha kuchubuka. Nywele zikishakauka jifukize udi. Mumeo hatajua kama kulikuwa na mwarubaini.

Zikipita wiki nne hujaona nafuu, usikazane. Nenda duka la dawa uulize shampuu ya ketokonazoli, dawa ya fangasi, ya asilimia 2. Unaiacha kichwani dakika tatu mpaka tano ndipo unaisuuza, mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Miye nauza dawa na naupenda mwarubaini, na bado nakwambia kwamba kwa mba shampuu hiyo ndiyo iliyopimwa zaidi. Ukitaka kuanza nayo hiyo hiyo sitanuna. Kitu kimoja tena: ukijaaliwa mimba nyingine, au mkianza kutafuta mtoto, weka mwarubaini pembeni. Katika majaribio ya wanyama mafuta ya mbegu zake yameharibu mimba.

Ama hizi nywele zinazobaki kwenye kitana na kwenye mto, hizo hazina dawa kwenye chupa yangu. Ulipokuwa na mimba nywele nyingi zilishikilia, hazikudondoka kwa wakati wake. Ukishajifungua zinapumzika zote kwa pamoja na kuanza kutoka, aghlabu kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne, ndiyo maana unaona kama unabaki na upara. Zinaota tena zenyewe, na mara nyingi mwaka hauishi zimesharudi. Hata mwenye kichwa kizima hudondosha nywele 50 mpaka 100 kwa siku. Atakayekuuzia mwarubaini kwa ahadi ya kurefusha nywele anakula pesa zako. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, upakwe usipakwe. Wewe pima wekundu wa damu, maana umenyonyesha na chakula chako nakijua, chai na mkate. Kula dagaa, kunde, mchicha. Na yule msusi anayekubana mpaka macho yanavutika mwambie alegeze. Pale pembeni mwa kipaji unywele ukivutwa miaka na miaka mzizi hufa, na hapo haurudi.

Nimemuweka Salma mwisho kwa sababu yake hayana mjadala. Picha uliyonitumia nimeikuza kwenye simu: mabaka ya mviringo, magamba, na nywele zimekatikia karibu na ngozi zikabaki vidoto vyeusi. Hayo ni mapunye. Fangasi wake ni wengine, hawakai juu ya ngozi kama wa mba, wameingia ndani ya unywele wenyewe. Mafuta yanabaki juu, wao wako ndani. Utampaka mwarubaini miezi, na huku anaambukiza wenzake chuoni kwa mitandio na vitana. Anataka dawa ya kumeza. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe, au hospitali ya Mnazi Mmoja, wamuangalie na wampime uzito, kwa kuwa dozi ya mtoto huendana na uzito. Wakimpa griseofulvini, ni ya wiki sita mpaka nane, na inaingia vizuri mwilini ikimezwa na chakula chenye mafuta. Wali wa nazi wa mchana unatosha kabisa. Mabaka yatapungua kabla ya dozi kwisha, nawe usimkatishe hapo, maana ndipo yanaporudi. Awe na kitana chake, mto wake na mtandio wake, na uwaangalie vichwa kaka zake, hasa kama wanavaliana kofia. Hapana haja ya kumnyoa. Akishaanza dawa anaweza kuendelea na skuli na chuo, na ukimsikia mtu anamcheka, mtetee, asije akaona haya kuvua mtandio mbele ya daktari.

Chupa nimeifunga ndani ya mfuko wa nailoni mara mbili, nimeandika jina lako na neno SUMU KWA WATOTO kwa kalamu nene. Anakuja nayo mpwa wangu kwa boti ya Jumamosi, atakupigia akishuka bandarini Malindi. Pesa usinitumie. Mama anataka tu kilo moja ya zile tende ulizomletea mara ile.

Kabla ya Jumamosi lakini, nipigie uniambie mavyaa amesemaje, na Salma unampeleka lini. Ukiona kazini hawakupi ruhusa, niambie, dada yangu yuko Mwanakwerekwe na atampeleka yeye.

Wasalaam,
Shoga yako wa Wete