Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maji: mita za kina si maji

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Umeagiza visima vilivyokauka viongezwe kina. Naomba agizo hilo lisubiri kidogo, maana mji huu umekalia sheli (si ile ya kujazia mafuta), na sheli haina tabia za mchanga.

Ni tope la kale lililoshindiliwa likawa jiwe la matabaka membamba. Maji inayo, ila haiyaachii. Vitundu vyake ni vidogo mno. Tunachochota kinatoka kwenye nyufa na kwenye tabaka la juu lililochakazwa na mvua na jua. Ukizidi kushuka, uzito wa mwamba unazibana nyufa, na maji machache ya huko chini mara nyingi ni ya chumvi. Mkandarasi anayelipwa kwa mita hana haja ya kukuambia hayo.

Vipimo vya umeme ardhini navyo visikupumbaze. Kwenye miamba mingine, umeme ukipita kwa urahisi ni dalili ya maji. Hapa udongo wa mfinyanzi uliomo kwenye sheli wenyewe unaupitisha, hata kama kisima hakitatoa ndoo moja. Bora kutafuta penye nyufa, au pale mwamba wa moto ulipopenya zamani ukaiunguza sheli ikawa ngumu na kupasukapasuka.

Niliokota vipande vya kijivu vilivyotapikwa na mtambo wa kuchimba visima, nikaviloweka kwenye beseni. Asubuhi nikakuta uji. Ndivyo kuta za kisima zinavyoporomoka pasipo bomba la kuzishikilia. Maji nayo yalitoka maangavu, jioni ndoo ikawa na utandu wa kutu. Ni madini ya chuma; yakizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia nguo madoa. Hiyo ni kero tu. Kinachoninyima usingizi ni vyoo vya shimo: ufa ukiunganisha shimo na kisima, uchafu hauchujwi na chochote njiani.

Basi kisima kijaribiwe kwa pampu saa 24 mwishoni mwa kiangazi, si wakati wa mvua ambapo kila kisima hujidai. Na vyote viandikwe: kina, aina ya mwamba, maji yalipotokea. Vikavu hasa. Vikifukiwa bila kuandikwa, mtambo utarudi kuchimba hatua chache pembeni, na bili itakuja kwako tena.

Nasubiri jibu lako kabla mtambo haujawashwa.

Mchota maji wako