Sentensi yako ya wateja wenye hasira

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mfikishie Mama shikamoo yangu.

Barua yako ya kuomba kazi nimeisoma. Umeandika "I am not phased by angry customers." Wazo ni zuri, tahajia ndiyo yenye kasoro, na kompyuta inaweza kuipita bila kuigundua kwa sababu "phase" ni neno halali: awamu, hatua. Wewe unataka "faze". Yanatamkwa sawasawa, ndiyo maana hata Waingereza na Wamarekani huyachanganya.

"Faze" ni kumbabaisha mtu. Lilianzia Marekani karne ya 19, likitokana na kitenzi cha kale cha Kiingereza chenye maana ya kufukuza. Kinachobabaisha hutangulia: "The question didn't faze her", swali halikumbabaisha. Ukianza na mtu, weka "by": "She wasn't fazed by the question." "I fazed" haipo.

Shika hili zaidi: neno hili limezoea kukanushwa. "Nothing fazes him." "She was unfazed." Ukisema "I was fazed" utaeleweka, ila wenye lugha watasita kidogo. Aliyebabaika kweli, hadi maneno yanamgongana mdomoni, ni "rattled". "Unnerved" ni zito kuliko hayo: ujasiri umekutoka, hofu imekaa ndani, pengine kwa jambo dogo tu kama kimya cha mtu anayekukazia macho. "His silence unnerved me." Kwenye usaili usilitumie kujieleza. "Spooked", yaani kushtushwa, nalo liache kabisa. Ni la mitaani, na huku Marekani "spook" limetumika kuwatukana watu weusi.

Matamshi sasa. Wengi wetu husema "fesi", na msikilizaji anasikia "face", uso. Sema "feiz". Gusa koo kwa kidole: ukifika kwenye z litetemeke. Likitulia, umetamka s.

Kwa hiyo andika: "Angry customers don't faze me." Halafu, tafadhali, usiishie hapo. Eleza unachofanya mteja anapofoka: unamwacha amalize, unamrudishia tatizo lake kwa maneno yako ili ajue umemsikia, unamwambia atajibiwa lini. Bila maelezo hayo mwajiri ataona majigambo matupu.

Nitumie nakala mpya kabla hujaipeleka.

Kaka yako