Risala ya Wake wa Askari Wastaafu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, viongozi wa kata, wazazi na ndugu wote, tunawasalimu kwa heshima.

Kikundi chetu kina wanachama 26. Tulianza kwa kucheza upatu, lakini kila tukikutana mazungumzo yaliishia palepale: waume zetu wamerudi uraiani na nyumbani bado hawajafika. Wengine walikuwa Kongo, kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013, na wenzao wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki, hukohuko Kongo, tarehe 7 Desemba 2017. Wengine walistaafu tu. Mtu aliyeamshwa na baragumu zaidi ya miaka 20 anaamka hana gwaride wala zamu. Msibani haendi. Jioni yuko kilabuni.

Mtaani wakasema amerogwa. Mwanasaikolojia tuliyemwita akatueleza kwamba hii ni hali inayotambuliwa kitabibu, ya kushindwa kuzoea mabadiliko makubwa. Kwa kawaida huanza ndani ya mwezi mmoja baada ya tukio, na mara nyingi huisha ndani ya miezi 6 iwapo chanzo cha msongo kimeondoka. Kwetu hakikuondoka, maana mafao yalichelewa.

Tiba yake ni ya vitendo. Mgonjwa hasubiri moyo utulie ndipo atoke. Anatoka kwanza, moyo unafuata. Mume wangu mimi msoma risala alipangiwa matuta mawili ya mchicha, amwagilie saa 11 alfajiri, saa ileile ya baragumu, na aandike kwenye daftari alivyojisikia kabla na baada. Wiki ya tatu akaongezewa kwenda sokoni, mwanzo mpaka langoni tu. Suala la mafao likakatwa vipande: leo kutoa nakala ya hati, kesho kuandika barua. Sitasahau asubuhi aliyoniita nikaone mchicha umeota. Usiku bado ni mgumu, hilo hatulifichi.

Mheshimiwa, mtaalamu huyo amekuja mara nne, kwa nauli tuliyochanga. Tunaomba chumba katika zahanati ya kata, siku moja kwa wiki, chenye mlango unaofungwa, kwani askari hawezi kusimulia yake mbele ya foleni. Tunaomba pia utufikishie kwa wahusika kwamba askari waanze kuonana na mtaalamu kabla hawajavua kombati.

Waume zetu tisa wamekaa mstari wa nyuma pale. Wamekuja wenyewe.

Naomba kuwasilisha.