Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kuujua Utando wa Figo

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, salaam.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kwa ufupi, hatudaiwi, na ada zinaingia vizuri. Ahsanteni sana. Muda wangu nautumia kwa somo tulilolichagua mwaka huu, yaani utando wa chujio la figo.

Wapo waliosema hilo ni somo la madaktari. Nililitetea na bado nalitetea, kwa sababu utando huo ndio uliowafikisha wengi wetu kwenye mashine za kusafisha damu, na tulikuwa hatujawahi hata kuusikia.

Figo moja ina vichujio takriban milioni moja. Katika kila kimoja, kati ya damu na mkojo, umo utando uliosukwa kwa protini mbili, kolajeni ya aina ya nne na laminini. Kwa mtu mzima unene wake ni nanomita 300 na kitu. Unywele wa kichwani unauzidi karibu mara 200. Mtoto mchanga anao mwembamba, kama nusu ya huo, nao huongezeka anapokua. Kwa hiyo anayesoma kipande cha figo kwenye darubini ya elektroni sharti aambiwe umri wa mgonjwa.

Figo inapojijenga tumboni mwa mama, kolajeni ya awali hupisha nyingine iliyo imara zaidi. Jeni, yaani chembe ya urithi, ikiwa na hitilafu, ile ya awali hubaki, na kadiri miaka inavyopita utando hupasuka matabaka. Huo ndio ugonjwa wa Alport, uliopewa jina la daktari Cecil Alport, aliyeieleza familia moja ya Uingereza mwaka 1927.

Kwenye mkutano wetu wa Machi, mama mmoja kutoka Mbagala aliuliza kwa nini mwanawe, mwenye damu kwenye mkojo, ametumwa kupimwa masikio. Daktari mgeni wetu alimweleza kuwa kolajeni hiyohiyo imo kwenye sikio la ndani na kwenye jicho, na kwamba mara nyingi jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata moja tu, kutoka kwa mama, ndiyo maana wavulana huumia zaidi. Tangu siku hiyo nawasikia wazazi wakiulizana habari za wajomba: nani alikuwa hasikii vizuri, nani alikufa kwa figo. Nimefurahi mno. Muhimbili imekuwa ikipandikiza figo tangu 2017, na ndugu anayetaka kujitolea katika familia ya namna hiyo lazima achunguzwe kwanza, hata mama mzazi, kwa kuwa huenda naye anayo hitilafu hiyo.

Kisukari hufanya kinyume: utando hunenepa, lakini huvujisha protini. Wengi mlishangaa. Naomba hili mlishike: protini huanza kuvuja mapema, kreatinini, ile taka ya damu inayopimwa kujua kazi ya figo, ikiwa bado nzuri. Anayepima kreatinini peke yake anachelewa. Na dawa kama enalaprili au losatani, mkiandikiwa, msiziache eti kwa kuwa presha imeshuka. Zinapunguza pia uvujaji huo.

Mwakani kila mwanachama mwenye kisukari aje na majibu ya albumini ya mkojo, yaani ile protini inayovuja, kwenye mkutano wa kwanza. Asiyeweza kulipia kipimo amwone katibu faragha. Kamati imetenga fungu kwa ajili hiyo.