Jumamosi: Matembezi ya Ikulu

Habari za jioni, ndugu zangu.

Jumamosi tukutane saa 3 kamili asubuhi, lango la Makumbusho ya Taifa, Dar. Mada ni Ikulu ya Magogoni: Wajerumani waliijenga iwe makazi ya gavana, manowari za Waingereza zikaiharibu kwa mizinga 1914, kisha Waingereza haohao wakaijenga upya 1922. Hapo ndipo panaponigusa zaidi. Tutagusia pia Mwalimu Nyerere kupendelea kuishi Msasani, na Ikulu ya Chamwino iliyozinduliwa Mei 2023.

1. Mchango wa chai na nakala ni 5,000/=, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi.
2. Ikulu tutaitazama kwa nje tu. Tafadhali tusipige picha.

Andika "Nipo" au "Sitafika" usiku huu nijue idadi.